Takataka Ilikuwa Diploma ya Mtu

Laptopu ya kikundi chetu cha vijana hapa Nyakiyumbu ilitufikia ikiwa imeshatumika miaka. Aliyeileta alisema bado ina nguvu. Ni kweli ilikuwa nayo, ila nguvu ya mzee: ukiiwasha asubuhi unaweza kwenda kuchota maji, ukirudi kale kaduara kangali kanazunguka. Kwa kuwa mimi nilimaliza sekondari na kompyuta naijuajua, ikabaki mikononi mwangu. Tuliweka humo orodha za mafunzo, barua za maombi, na karatasi za watu.

Hizo karatasi ndizo zinanifanya niandike. Wengi wetu tulivuka Mpondwe na nguo tulizovaa. Mwenye bahati alikuwa na picha ya cheti chake kwenye simu. Lakini simu kwa maisha yetu ni mali ya kupita. Itaanguka, itaibiwa, au itauzwa siku mtoto akiugua. Basi vijana wakaanza kunitumia picha kwa WhatsApp: diploma, vyeti vya kuzaliwa, barua za shule. "Yaya, unichungie hii." Nikizifungua kwenye laptopu, zilikuwa zinaingia zenyewe kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa. Nilikuwa nasema nitazipanga Jumamosi. Jumamosi zikapita nyingi. Hilo ni kosa langu, nalisema mapema ili msifikiri nimekuja kulaumu mashine peke yake.

Siku moja ikawa nzito kabisa, hata barua ya ukurasa mmoja haifunguki. Rafiki akanipa kwenye flashi programu ya bure ya kusafisha na kutengeneza kompyuta. Ikazunguka dakika chache, kisha ikaandika kwa rangi nyekundu: matatizo 1,127. Moyo ulinishtuka. Chini palikuwa na kitufe kimoja kikubwa cha kijani, cha kutengeneza vyote. Pembeni palikuwa na maandishi madogo ya kijivu ya kufungua orodha, ila hayo nilikuja kuyaona baadaye sana. Nikabonyeza kijani. Ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza sawa. Mtu ameambiwa ana magonjwa elfu moja na zaidi, dawa iko mbele yake bure, nani atajibu hapana?

Ikamaliza, ikaandika sifuri na alama ya vema. Mwendo wa mashine haukubadilika hata kidogo.

Wiki mbili zilipita. Halafu kijana mmoja aliyetoka upande wa Beni akanipigia kwa simu ya kuazima. Nyumba yao iliungua na kila kitu kilichokuwa ndani. Simu yake mwenyewe alikuwa ameshaiuza.

"Yaya, ile diploma yangu ingali mu mashini?"

"Iko."

"Tafazali, uitume leo. Maombi ya masomo wanafunga kesho kutwa."

Nilifungua folda. Ilikuwa tupu, nyeupe, kama sahani iliyooshwa. Nikatafuta kwenye pipa la takataka la kompyuta, nalo tupu. Ile programu ilikuwa imehesabu folda nzima kama uchafu, ikaweka tiki yenyewe, ikafuta, halafu ikamwaga na pipa.

Nikapanda boda mpaka Bwera kwa fundi mmoja ninayemwamini. Hakugusa kitu kwanza. Aliniuliza, "Tangu siku ile umeitumia?" Nikasema kila siku, na Jumapili tulipakua video za mpira kwa ajili ya vijana. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba kwenye diski ya zamani kama ya kwetu, faili likifutwa haliondoki papo hapo. Kinachoondoka ni jina lake kwenye orodha, na nafasi yake inahesabiwa kuwa wazi, mpaka kitu kingine kije kiandikwe juu yake. Kwa hiyo zile video za mpira zilikuwa zinakalia vyeti vya watu, moja baada ya nyingine, na sisi tunashangilia.

Alikaa nayo siku nzima. Aliokoa picha kumi na moja, zote bila majina, namba tupu. Diploma ya yule kijana ilikuwemo, nusu. Juu inasomeka vizuri, nembo ya nchi, jina lake, shule yake. Kuanzia katikati ni rangi ya kijivu mpaka chini. Asilimia aliyopata haipo, sahihi haipo, muhuri haupo.

Usiku ule sikulala vizuri, na katika siku zilizofuata nilisoma habari za programu hizi kwenye simu kila nilipopata bando. Niligundua kuwa ile namba kubwa nyekundu ni ujanja wa kawaida. Kwenye Windows kuna kitu kinaitwa rejista, ni kama daftari kubwa ambamo mfumo na programu zinaandika mipangilio yake. Programu za kusafisha zinahesabu kila mstari wa zamani kwenye daftari hilo kuwa ni "tatizo", hata kama mstari huo haumsumbui mtu. Microsoft yenyewe imeandika kwamba haiungi mkono matumizi ya programu za kusafisha rejista. Sasa fikiri, namba yangu ya 1,127 ilikuwa imechanganya mistari isiyo na madhara na diploma ya mtu, na kwenye skrini vyote vilikuwa rangi moja.

Na si sisi maskini wa mpakani tu tunaodanganywa. Marekani, Machi 2019, tume ya serikali inayolinda wanunuzi ilitangaza kwamba maduka ya Office Depot yamekubali kulipa dola milioni 25, na kampuni ya Support.com iliyowapa programu milioni 10. Tume ilidai kwamba mteja alikuwa anaulizwa maswali machache mwanzoni: je, kompyuta ni nzito, inazimika, na kadhalika. Akikubali hata moja, programu inamwambia kuna dalili za virusi, hata kama uchunguzi wenyewe haukuona kitu. Kisha anauziwa matengenezo. Nilicheka peke yangu. Yaani unamwambia daktari una homa, naye anaandika homa yako kama matokeo ya maabara!

Mfano mwingine ulinigusa zaidi kwa sababu haukuwa wizi. Oktoba 2018 Microsoft ilisimamisha sasisho la Windows 10 baada ya baadhi ya watu kupoteza mafaili yao. Kampuni ilieleza kwamba sasisho lilikuwa na kazi ya kuondoa folda zilizorudiwa, zile zilizodhaniwa kuwa tupu. Kwa baadhi ya watu hazikuwa tupu. Waliotengeneza walikuwa na nia nzuri ya kupanga nyumba. Hawakufungua tu mlango waone kama kuna mtu amelala ndani.

Hapo ndipo naona kasoro yenyewe ilipo. Chombo hiki kinaangalia afya ya mashine, na kazi ya mashine ni kutunza vitu vya watu, lakini vitu hivyo chenyewe hakivijui. Kwake, nafasi tupu ni ushindi. Fundi wa Bwera aliuliza swali moja kabla ya kugusa. Programu nayo iliuliza swali, "una hakika?", lakini hakika ya nini haikusema. Na yote kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wetu tumeanza kuisoma tukiwa wakubwa. Kwenye folda ile ingetosha kuandika: hapa kuna picha za mtu, umezifungua mwezi huu, nizifute?

Nisizidishe lakini. Vyombo vingine vya kujitengeneza vimetusaidia. Umeme ukikatika ghafla, laptopu hii huwa inakagua diski yenyewe inapowaka, na mara nyingi inaamka salama. Ndiyo maana niliamini haraka.

Picha nyingine zilizopotea zilikuwa za watu ambao wengi bado wana asili zao au nakala. Niliwapitia mmoja mmoja nikawaambia. Mama mmoja alinigombeza sana, na alikuwa na haki. Yule kijana nilimwendea mwisho, kwa sababu nilimwogopa zaidi. Nilimwonyesha nusu ya diploma kwenye simu. Aliikuza kwa vidole, akashuka mpaka kwenye kijivu, akapanda tena.

"Asilimia haionekani?"

"Haionekani."

"Na jina?"

"Jina linaonekana."

Akanyamaza. Halafu akasema, "Tuma vile vile. Andika pale chini kwamba nilipata 58."

Nikaandika. Nikaeleza pia, kwa sentensi mbili, jinsi nusu nyingine ilivyopotea na kwa mkono wa nani. Tulituma jioni ile tukiwa tumesimama pale juu ambapo mtandao unashika. Bado hatujajibiwa.