Nguo Namba 14



Leo hatuzungumzii hina wala singo. Tunakuja na kisa chetu wenyewe. Kinatutia haya kidogo, lakini huenda kikamfaa mwenzetu mwenye biashara ndogo kama yetu, au bibi harusi anayejiandaa kukodi nguo.

Sisi ni mawifi wawili hapa Unguja, tunakodisha nguo za harusi. Mmoja wetu hukaa dukani. Mwengine alisomea kompyuta, na hufanya hesabu nyumbani usiku watoto wakishalala. Miaka ya mwanzo tulitumia daftari. Wateja walipoongezeka, hasa mwezi wa Shaaban na baada ya Idi, tukahamia kwenye kanzidata ya Oracle, toleo lake la bure. Tukaweka majedwali matatu: la nguo, la mabibi harusi, na la nafasi zilizowekwa. Kisha tukaandika programu moja ya dukani na nyingine ya nyumbani, zote zikiandika kwenye majedwali yale yale. Tukajiona tumemaliza kazi.

Nguo ikirudi haiwezi kutoka siku hiyo hiyo. Inafuliwa, inapigwa pasi, shanga zilizong'oka zinashonwa. Mwanzo tuliipa siku mbili za kupumzika. Tulipoona fundi anazidiwa, tukakubaliana ziwe tatu. Tukabadilisha kwenye programu ya dukani. Ya nyumbani tukaisahau.

Ndipo ikaja zamu ya nguo namba 14. Bibi harusi wa kwanza alikwenda nayo Pemba, ikarudi na boti ya Jumatatu. Nafasi ya bibi harusi wa pili ilikuwa imewekwa kwa programu ya nyumbani, ambayo kwa hesabu yake ya siku mbili iliona Alhamisi nguo iko tayari. Alhamisi asubuhi mama na binti walipokuja kuichukua, mkono mmoja wa nguo ulikuwa umefumuliwa mezani kwa fundi.

"Wanangu," mama akasema, "mwanangu ameiota nguo hii miezi mitatu. Leo mnanambia nini?"

Hatukuwa na jibu. Tulimrejeshea pesa zake zote, tukampa nguo nyingine bila malipo. Bibi harusi hakugombana na mtu. Alisema tu, "Basi, ndiyo riziki," akaingia chumba cha kujaribia nguo, tukamsikia akilia kule ndani.

Usiku ule kwanza tuliilaumu kompyuta. Halafu tukafungua programu zote mbili, tukaziweka pamoja. Moja imeandikwa 3, nyingine 2. Kompyuta ilifanya vile tulivyoiamrisha. Kosa letu lilikuwa kuiweka sharti moja mahali pawili.

Dawa yake tukaikuta kwenye PL/SQL, lugha ya Oracle ya kuandikia maagizo yanayokaa ndani ya kanzidata yenyewe. Inaitwa kifurushi. Tunajua wengi wenu mkisikia kifurushi mnafikiria cha dakika na intaneti. Hiki ni kingine. Ni mkusanyiko wa maagizo ya kazi moja, yaliyofungwa pamoja na kupewa jina moja.

Ndani yake mna maagizo ya aina mbili. Fanksheni unaiuliza, inakujibu: "Nguo namba 14 iko huru tarehe hii?" Inarudisha ndiyo au hapana. Prosija unaituma, inafanya: "Mwekee nafasi bibi harusi huyu." Sisi kifurushi chetu tumekiita ukodishaji. Tukitaka kuweka nafasi tunaandika ukodishaji.weka_nafasi, jina la kifurushi, nukta, kisha jina la kazi.

Fikirieni kasha la bibi la njumu za shaba. Kwa nje kila mtu analiona, anajua linafunguliwa wapi. Ndani mna visanduku vya siri anavyovijua mwenyewe tu. Kifurushi nacho kina sehemu mbili. Ya kwanza ni tangazo: inaorodhesha fanksheni na prosija ambazo programu za nje zinaruhusiwa kuziita, na kila moja inahitaji kupewa nini. Ya pili ni mwili: humo ndimo kazi yenyewe inamofanyika, na humo mnaweza kuwa na fanksheni nyingine ambazo hazikutangazwa, basi aliye nje hawezi kuziita. Zile siku tatu za fundi sasa zinakaa humo, mahali pamoja tu. Programu ya dukani haizijui, ya nyumbani haizijui. Zote zinauliza kifurushi.

Faida yake tuliiona tulipoamua nguo zenye shanga nyingi zipewe siku nne. Tulibadilisha mwili wa kifurushi tu. Tangazo halikuguswa, na programu zote mbili ziliendelea kuita vile vile, bila kuandikwa upya hata mstari mmoja.

Prosija yetu inafanya kazi kwa mpango. Kwanza inaufunga mstari wa nguo hiyo kwenye jedwali, ili kama mwenzetu naye anaiandikia nguo hiyo hiyo wakati huo huo, asubiri. Pili inaiuliza fanksheni kama nguo iko huru. Tatu inaandika nafasi. Nne inaandika malipo ya awali. Hatua moja ikikwama, zote zinarudishwa nyuma. Hakuna tena pesa iliyopokelewa bila nafasi, wala nafasi isiyojulikana imelipiwa kiasi gani.

Na kuna jambo la sitara. Jedwali la mabibi harusi lina namba zao za simu na vipimo vya miili yao. Binti anayetusaidia dukani tumempa ruhusa ya kukiita kifurushi, hatukumpa ruhusa ya kuyafungua majedwali. Anaweka nafasi, anapokea malipo, na hana njia ya kutazama vipimo vya mtu. Si kwamba hatumwamini. Bibi harusi alitupa vipimo vyake sisi.

Jambo moja limetufurahisha katika kujifunza. Mtindo huu wa tangazo na mwili PL/SQL iliurithi kutoka lugha nyingine ya kompyuta iitwayo Ada, na lugha hiyo imepewa jina la mwanamke, Ada Lovelace wa Uingereza, ambaye mwaka 1843 alichapisha maelezo ya namna mashine ya kukokotoa ingeweza kupewa maagizo. Basi dada, mtu asikwambie kazi hii si ya wanawake.

Tusidanganyane, lakini. Kifurushi hakimfanyi mtu kuwa mwaminifu. Ukiandika sharti baya ndani yake, litakuwa baya kila linapoitwa. Na sisi wenye kanzidata bado tunaweza kukipita pembeni tukaandika moja kwa moja kwenye jedwali, kwa hiyo tumewekeana ahadi kwamba hatufanyi hivyo hata kwa nguo ya ndugu. Daftari nalo halijatupwa. Umeme ukikatika tunaandika humo, na mteja tunamwambia wazi kwamba nafasi bado haijathibitishwa. Umeme ukirudi tunaipitisha kwenye prosija ile ile. Ikikataa, tunampigia simu siku hiyo hiyo, si asubuhi ya harusi.

Sote tunaijua aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya Suratul Baqara inayotuamrisha kuandika madeni. Siku zote tulidhani tunaitekeleza kwa kuwa tunaandika. Nguo namba 14 ilitufunza kwamba kuandika mahali pawili kwa hesabu mbili ni karibu na kutoandika.

Nawe bibi harusi, unapokodi nguo popote, omba risiti yenye namba ya nguo, tarehe ya kuichukua na tarehe ya kuirudisha. Kisha uliza: nguo hii inarudi lini kutoka kwa mwenzangu aliye mbele yangu, na ina siku ngapi za matengenezo? Mwenye kujua hesabu yake atakujibu hapo hapo.

Yule binti wa Alhamisi, mdogo wake anaolewa baada ya Idi, inshaAllah. Mama yao amekuja tena kwetu. Amechagua namba 14.