Kubandua magazeti ukutani siyo mchezo!

Haya mpenzi msomaji, leo tuambizane ukweli. Wengi tuliokulia kwenye baridi ya Nyanda za Juu Kusini tumejifunza kusoma ukutani. Ingia vyumba vya zamani vya Mlandege kule Iringa au Mwanjelwa hapa Mbeya: gazeti juu ya gazeti, kalenda, picha za wanasoka, vyote vimegandishwa kwa uji wa unga. Wazungu wana karatasi zao za maua, sisi tulikuwa na Uhuru na Mzalendo. Yanaziba nyufa, yanapunguza baridi ya Juni na Julai, na ukuta unapendeza. Ngoma nzito ni siku ya kuyatoa.

Nilipohama Iringa kuja kutafuta maisha, nilipata geto la shilingi 40,000 kwa mwezi pale Mwanjelwa. Mwenye nyumba ni mama wa Kinyakyusa, mjane, mtu mzima kwelikweli. Baada ya shikamoo nikamtupia na "kamwene" ya kwetu, akacheka, kisha akanipa sharti.

"Mwanangu, toa haya makaratasi. Chini yake kuna rangi aliyopaka marehemu mzee kwa mkono wake. Ikibaki salama, mwezi wa kwanza hulipi. Ukiikwangua, tutagombana."

Kwa mtu anayelipwa kwa kila makala inayotoka, kodi ya mwezi mzima si kitu cha kuchezea.

Washikaji wakanishauri nichukue kisu nikwangue kavukavu. Nikakataa. Ukikwangua hivyo unaondoka na rangi, na rangi ya mafuta ya zamani inaweza kuwa na risasi, ambayo vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Kilichoshika gazeti ni wanga wa ule uji, na dawa ya wanga ni maji ya moto. Ila jaribu kwanza nyuma ya mlango. Rangi ya mafuta inavumilia maji. Ukiona kitambaa kinachafuka rangi, ujue ni chokaa au rangi ya maji, hapo tumia unyevu kidogo tu na uende polepole. Umeme nao zima kabisa kabla ya kugusa karibu na swichi.

Basi nikachemsha maji, nikatia sabuni kidogo, nikalowesha kwa sponji, nikangoja robo saa, kisha nikabandua kwa mwiko wa ugali.

Hapo historia ikaanza kushuka. Tabaka la juu lilikuwa la Oktoba 1999, msiba wa Mwalimu Nyerere. Chini yake Mei 1996, MV Bukoba imezama Ziwa Victoria. Siku ya tatu nikafika chini kabisa, 1986: Tukuyu Stars, vijana wa huku huku, mabingwa wa ligi!

Nikamwita mama. Alipoiona ile picha akakaa kwenye ndoo.

"Hilo alilibandika mwenyewe. Alikuwa mtu wa mpira huyo, acha tu. Litatoka zima?"

Sikumwahidi. Nililifunika kwa taulo la maji ya moto, likipoa narudia, mara nne. Nikaanza kuvuta kutoka kona moja, mama hapumui. Likatoka vipande viwili, limeachana kwenye mkunjo, lakini nyuso zote za wachezaji zipo. Akavilaza kwenye sinia vikauke. Kisha akageukia ukuta wa bluu, akaupitisha kiganja taratibu, kama mtu anayepapasa mgongo wa mtoto.

"Ndaga fijo, mwanangu," akasema, akatoka na sinia lake.

Kazi haikuishia hapo. Mabaki ya uji lazima yaoshwe mpaka ukuta usinate, la sivyo ukungu utaota, na rangi mpya utakayopaka itabanduka. Kwa mvua za Mbeya, acha ukuta ukauke siku kadhaa, madirisha wazi.

Siku hizi vijana tunakimbilia stika za kubandika ukutani, zenye matofali na maua. Sawa, pendezesheni mageto. Lakini kabla hujang'oa za zamani, muulize mwenye nyumba nani alizibandika. Maji ya moto yapo kila siku, lakini lile gazeti likichanika huna pa kulipata tena.

Tukutane wiki ijayo!