Salamu Kutoka Bungoma

Mwezi uliopita tulialikwa nikahi Kitale, sisi na watu wetu wa nyumbani. Mji ule umekaa juu, jirani ya Mlima Elgon, na baridi yake ya alfajiri humfanya mtu wa pwani aishukuru shali yake. Mahindi yametanda hata macho yakachoka. Shughuli ilipokwisha tulishika njia ya Kiminini na Webuye mpaka Bungoma, tungoje basi la Mombasa.

Watu wa pwani si wageni katika nchi hizo. Karne ya 19 misafara ya biashara ilipiga kambi Mumias, kwa Nabongo Mumia, na Uislamu ukabaki. Hata hivyo, tulishangaa kunusa iliki tulipopita mbele ya mkahawa mdogo. Ndani mna mahamri na mbaazi za nazi! Mume anapokea pesa, watoto wanapeleka sahani, mama yuko kwenye karai. Tulipoagiza chai, aligeuka.

"Lafudhi hiyo ni ya kwetu. Mwatoka mtaa gani?"

Tulipomwambia Kibokoni, aliweka mwiko chini. Kumbe amezaliwa vichochoro viwili kutoka kwetu, akaolewa huku miaka 18 iliyopita.

"Sheikh, mama hajambo? Kwenye simu husema hajambo, lakini mama hamwambii mtu maradhi yake. Nyinyi mwamuona. Niambieni kweli."

Tulitazamana na mwenzetu. Mlangoni kwa bibi yule twapita kila siku tukienda msikitini, na hodi ya mwisho tuliipiga siku ya Idi. Kusema "hajambo" kungemfurahisha, lakini kungekuwa kushuhudia tusilolijua.

"Mwanetu, tusikudanganye. Hatujui."

Alinyamaza. Kisha akatufungia mahamri, akakataa pesa, akatupa chupa ya asali. "Mpeni kwa mikono yenu."

Tulipofika Mombasa, kabla ya kufungua mlango wetu tulibisha wake. Bibi alikuwa kitandani, mguu umevimba, na mwanawe hana habari. Tumesafiri zaidi ya kilomita 800 kwenda kuulizwa hali ya jirani!

Mtume (S.A.W.) ametuhimiza mno haki ya jirani, nasi huihubiri mimbarini. Sasa mwenzetu humzuru bibi kila Ijumaa, na simu ya Bungoma hupigwa yeye akiwapo, ili kweli isemwe. Allah atusamehe tulivyokawia, na ampe bibi yetu shifaa. Amin.