Mtoto Asiyesema na Mashini Isiyochoka

Hapa Mabanga mtoto asiyesema, asiyetazama watu machoni, ageuzaye kopo moja siku nzima, hupewa upesi jina baya: mchawi. Jirani yangu anaye mtoto wa namna hiyo. Watu walimshauri amnyime chakula siku tatu, ili pepo amtoke. Mama yule alikataa, akafanya vema. Tena sheria ya Kongo ya kulinda watoto, ya mwaka 2009, yakataza kumshitaki mtoto uchawi.

Hali hiyo yaitwa usonji. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hiyo. Kisha, kwa miaka mingi, Wazungu nao waliwalaumu mama, eti hawakuwapenda watoto wao. Mwaka 1964 Bernard Rimland, baba wa mtoto kama huyo, aliandika kitabu kuonyesha ya kuwa asili yake ni mwilini, si kosa la mama.

Sasa sikieni jambo la ajabu. Huko Edinburgh, mwaka 1976, Sylvia Weir na Ricky Emanuel walieleza habari za mtoto wa miaka 7 waliyempa vifungo vya kuendesha roboti ndogo iitwayo kobe, iliyoongozwa na kompyuta. Alibonyeza, kobe akaenda. Naye akaanza kuzungumza na waliokuwa pamoja naye. Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, kilitengeneza roboti Kaspar, yenye kimo cha mtoto mdogo. Ukiipiga, hulalamika kuwa imeumia. Ndivyo mtoto afundishwavyo kugusa kwa upole.

Kwa nini mashini? Uso wa mtu hubadilika kila mara, nao humlemea mtoto huyo. Mashini hurudia jambo lile lile mara mia, bila hasira. Lakini haiondoi usonji, wala si kila mtoto hufaidika. Mtu mzima huketi karibu, kwa maana shabaha ni kumfikisha mtoto kwa watu.

Kwetu umeme hukatika, na Kaspar hatunaye. Lakini siri si chuma. Jirani yangu hupiga sahani mara mbili kabla ya chakula, humwita mwanawe kwa neno lile lile, kisha humngoja. Juzi mtoto alipiga sahani mwenyewe, akamtazama mama yake. Basi, mkisikia aitwa mchawi, jibuni: mtoto huyu ana jina lake.