Mkono Uliobaki Mezani

Columbus, Ohio

Shangazi mpendwa,

Baridi ya huku sasa nimeizoea. Juzi Jumamosi mwanao alinipeleka kwa gari, mwendo wa saa nzima kati ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, mpaka mji mdogo wenye ukumbi wa michezo ya kuigiza. Leo barua yote ni ya huko.

Waigizaji wa pale hawalipwi. Wanashinda makazini, jioni wanakwenda mazoezini. Mmoja ni fundi bomba, mwingine anauza mikate. Walicheza Twelve Angry Men ya Reginald Rose, aliyeiandikia televisheni mwaka 1954 baada ya yeye mwenyewe kuitwa kuamua kesi ya kuua huko New York. Mwaka 1957 ikatoka filamu yake, na Henry Fonda ndani.

Kwetu zamani wazee wa baraza walikuwa wakimpa jaji maoni, naye hakufungwa nayo. Huku wanaitwa raia wa kawaida, wazee kwa vijana, na kwenye kesi ya kuua neno lao ndilo la mwisho. Wanafungiwa chumbani watu 12, na lazima wawe na kauli moja. Katika mchezo kijana anadaiwa kumchoma baba yake kisu. Akipatikana na hatia, anakalishwa kiti cha umeme, harudi. Kura ya kwanza ikapigwa: mikono 11 juu, ana hatia. Mmoja umelala mezani, vidole vimetulia. Shangazi, nilisikia moyo wangu unapiga.

Hawaitani majina, ni namba tu. Wa 8 ndiye huyo mbishi, na hasemi kwamba kijana hakuua. Anasema hana hakika, basi.

Kilichonishika zaidi ni ule mguu. Shahidi mmoja, mzee wa kiharusi, alisema alitoka kitandani hadi mlangoni kwa sekunde 15. Namba 8 akapanga viti, mwenzake akashika saa, akaanza kutembea anaburuta mguu. Kiatu kilikwaruza mbao, kwaa, kwaa. Mama wa kando yangu alikuwa anahesabu kwa midomo, nami nikajikuta nahesabu kwa Kiswahili. Tulipofika 15, bwana yule hakuwa hata nusu ya safari. Ukumbi mzima ulishusha pumzi.

Kuna mahali mzee aliyecheza namba 9 alipotewa na maneno. Jirani yake akamsogezea gilasi ya maji bila kumtazama. Akanywa taratibu, maneno yakarudi. Nilipenda hilo kuliko hotuba zote za usiku ule.

Mwisho walisimama mlangoni kutuaga. Namba 3, aliyekuwa wa mwisho kukubali, aliyefoka mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, nilipompa mkono kiganja chake kilikuwa kimeloa jasho na sauti imekauka.

Njiani mwanao alinyamaza hadi tulipofika kituo cha mafuta. Ndipo akaniambia kwamba na yeye, tangu awe raia, amekwishapata barua ya kuitwa mahakamani, iko jikoni juu ya friji, na alikuwa anatafuta udhuru wa kuwapa. Kisha akaniuliza siku hiyo avae nini.

Nisalimie wote nyumbani.

Mwanao mwingine