Maili Zetu na Miguu ya Mama

Sisi ni ndugu watano wa tumbo moja. Watatu kati yetu tunakaa Lubumbashi, wawili wanaishi Bruxelles. Tangu baba yetu alipofariki tumekuwa na mfuko mmoja wa familia. Kila mwisho wa mwezi kila mmoja hutia humo alichojaliwa, na kiasi chake huandikwa katika daftari. Sehemu kubwa ya fedha hizo huishia angani, kwa maana Mama anaugua macho na huenda Ubelgiji kutibiwa mara mbili kwa mwaka, naye kwa umri wake hawezi kusafiri bila msindikizaji.

Safari zilipozoeleka, yaya wetu mkubwa alituambia kwamba familia inayopita njia ileile kila mwaka bila kadi ya uaminifu inatupa mali barabarani. Tulimsikiliza. Programu hizo si jambo geni: mwaka 1981 shirika la American Airlines la Marekani lilianzisha ile iitwayo AAdvantage, na baadaye mashirika mengi ya dunia yakafuata njia hiyo. Abiria huhesabiwa maili au pointi kwa kila safari. Zikitosha, huzibadilisha kwa tiketi au kwa kiti kilicho bora. Anayesafiri mara nyingi hupandishwa daraja, na pengine huruhusiwa mzigo zaidi. Nia ya shirika haikufichwa: abiria aache kutazama bei ya jirani. Sisi tuliujua mtego huo, tukadhani kwamba kuujua kunatosha kutuepusha nao.

Kwa kuwa kaka yetu wa pili ndiye aliyemsindikiza Mama kila mara, kadi ilifunguliwa kwa jina lake. Baada ya miaka miwili alikuwa amebakiza safari moja tu afikie daraja linaloruhusu sanduku moja zaidi. Tukiri ukweli: sote tulilitamani sanduku hilo. Wa Bruxelles walitaka kapenta na unga wa mahindi. Wa Lubumbashi tulitaka viatu na nguo za watoto wakati wa kurudi.

Ndipo tulipopotea. Kwa safari ile kulikuwa na tiketi za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa na bei nafuu, na kungoja ndege ya pili kulikuwa saa mbili tu. Ya pili, ile ya kadi yetu, ilizidi kwa dola 90 kwa kila mtu, na ilidai kungoja saa kumi na moja, usiku kucha, katika uwanja wa kubadilishia ndege. Tulichagua ya pili. Hakuna kati yetu aliyemwuliza Mama. Alikesha juu ya kiti cha chuma, akafika miguu imevimba hata viatu havikuingia. Kaka alipompigia yaya simu kumpa habari njema ya daraja jipya, Mama alisikia, akauliza kwa sauti ya chini: «Wanangu, hizo maili zinahesabu na miguu yangu?»

Swali la pili lilitoka kwa dada yetu kitindamimba. Yeye huuza mboga katika soko la Kenya, na ndiye mtunza daftari. Alipofunga hesabu za mwezi aliona dola 180 zilizolipwa zaidi, akatuuliza: «Na pointi zimeandikwa wapi?» Hazikuandikwa popote. Kwa miaka sita dada huyo alikuwa ametoa sehemu yake bila kukosa mwezi hata mmoja, wala hajawahi kupanda ndege. Fedha yake, pamoja na yetu, ilikuwa imegeuka mali yenye jina la mtu mmoja. Kaka hakuiba kitu: kwa kanuni za programu, maili ni za yule aliyesafiri, hata kama tiketi imelipwa na mwingine. Lakini kanuni ya shirika si kanuni ya familia, na sisi tuliiacha ya kwanza iimeze ya pili.

Tulianza upya, safari hii kwa kuuliza maswali kabla ya kuchagua. Kwanza, ni nani wanaopita njia yetu? Kutoka Lubumbashi mtu aweza kupitia Addis Ababa kwa Ethiopian Airlines, au Nairobi kwa Kenya Airways, au kwenda kwanza Kinshasa na kupanda Brussels Airlines mpaka Bruxelles. Pili, ni nani wanaoshirikiana? Hapo tulijifunza jambo ambalo lingetuepusha na aibu: Brussels Airlines iliingia Star Alliance mwaka 2009, na Ethiopian Airlines mwaka 2011. Kwa hiyo anayesafiri leo na hii na kesho na ile aweza, kwa aina nyingi za tiketi, kukusanya maili katika programu moja, iwe ShebaMiles ya Waethiopia au Miles & More inayotumiwa na Brussels Airlines. Kenya Airways imo katika muungano mwingine, SkyTeam, nayo maili zake haziingii katika chungu hicho.

Tatu, maili huhesabiwaje? Wengi hudhani kwamba umbali ndio kipimo. Tangu mwaka 2018, Miles & More huhesabu maili za safari za mashirika ya kundi lake kwa bei iliyolipwa; hivyo tiketi ya bei nafuu huleta maili chache. Nne, maili zina mwisho wake: zisipotumiwa kwa muda uliowekwa, hufutika kama jasho juu ya jiwe. Tano, tiketi ya maili haiondoi kila gharama. Kodi na ada za viwanja mara nyingi hulipwa kwa fedha taslimu. Sita, je, mwenye kadi aweza kumkatia tiketi mtu mwingine? Programu nyingi huruhusu. Kwetu swali hili ndilo lililokuwa zito kuliko yote.

Kisha tulipatana hivi. Katika kununua tiketi tutatazama kwanza miguu ya Mama, yaani urefu wa kungoja, pili bei, na mwisho maili. Maili zitaamua pale tu ambapo mambo mawili ya kwanza yamelingana. Tena, daftari letu limepata safu mpya: pembeni ya dola huandikwa maili zilizoingia, zimo katika kadi ya nani, na zitakwisha lini. Kaka mwenyewe ndiye aliyechora mstari wa safu hiyo, akaandika ndani yake maili zake zote za zamani. Mkono wake ulikuwa mzito kidogo, nasi hatukumharakisha.

Maili hizo bado hazijatosha tiketi ya Bruxelles. Hata hivyo tumekwisha kuandika jina la atakayeitumia: ni dada yetu wa soko la Kenya. Alipoliona jina lake alicheka, akasema: «Na viza, nayo mtaipata kwa pointi?» Kisha akalifunga daftari polepole, akalishika kifuani kwa muda kabla ya kulirudisha kabatini.

Vijana wapendwa, nanyi mna mifuko ya pamoja: likelemba, michango ya safari, nauli za wajumbe. Kila fedha ya wengi huzaa faida ndogo ambayo huangukia mkononi mwa mmoja bila kelele. Mnapokutana juma hili, ulizaneni bila kutafuta mwizi: katika daftari letu, ni safu gani inayokosekana?