KARIBU: NENO MOJA, MAANA NYINGI

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunawaomba mtembee nasi humu humu Nyarugusu, tukisikiliza neno moja tu: karibu.

Ukipita asubuhi kati ya nyumba utalisikia kila mlango. Mtu anapiga hodi, anajibiwa "Karibu!" Wakiwa wengi, "Karibuni!" Mama anayepakua anaita, "Karibu bugali!" na mpita njia aliyezoea Kiswahili cha Tanzania anajibu "Starehe", yaani endeleeni kula. Hata ukisema asante unajibiwa karibu. Kwa jirani Mrundi utasikia pia "Murakaza neza", na moyo ni ule ule.

Lakini neno hili halikuanza na kukaribisha. Limetoka kwenye Kiarabu, qarib, maana yake ni jirani, isiyo mbali. Waarabu wenyewe wakimpokea mgeni husema marhaban, neno lenye wazo la nafasi pana. Kumbe hilo nalo tunalo! Ndilo marahaba, tunalomjibu mtoto akisema shikamoo. Waswahili wao waliona kumpokea mtu ni kumwambia asogee. Ndugu wa neno karibu pia wako wengi: takriban, akraba (yaani jamaa wa damu), na kukurubia. Yote yametoka kwenye shina moja.

Na lilifikaje kwetu? Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilitoka pwani, Bagamoyo, ikapita Tabora hadi Ujiji, halafu ikavuka Ziwa Tanganyika kuingia Kongo. Kiswahili kilivuka nayo. Leo ni moja ya lugha nne za taifa za Kongo. Basi wazee wetu walipovuka ziwa kuja huku mwaka 1996, mwaka ambao kambi hii ilifunguliwa, walilirudisha neno kwa njia ile ile lililopita. Hawakuhitaji mkalimani ili kuomba maji.

Darasani tunafundisha maana zake moja moja. "Shule iko karibu na kisima" ni mahali. "Karibu wote wamefika" ni hesabu. "Karibu nianguke" maana yake sikuanguka. "Hivi karibuni" ni wakati, na hapo ndipo penye kazi.

Tuliwapa wanafunzi zoezi la kutunga sentensi. Mmoja, mwenye miaka kumi na miwili, akaandika: "Nyumba yetu iko karibu na Fizi." Amezaliwa hapa, Fizi hajaiona. Kutoka hapa hadi ziwani peke yake ni takriban kilomita 150, bado maji, bado ng'ambo. Walimu tukabishana. Mmoja wetu alisema ni kosa la jiografia. Mwingine alisema mtoto ameandika anachosikia nyumbani kila siku. Tukampa alama, maana sarufi yake ni safi. Ila swali limebaki na sisi.

Wazazi, hili tunawaomba kwa heshima. Mtoto akiuliza "Tutarudi lini?" tunajibu "Karibu". Akiuliza habari za kwenda Marekani, "Karibu". Wapo waliorudi kweli, na wapo waliopelekwa ng'ambo kweli. Lakini mtoto anayeambiwa karibu miaka yote huanza kuona daftari halina faida, kwa vile ataondoka wiki ijayo. Tumewaona wanaoacha shule hivyo. Ni afadhali kumwambia, "Bado hatujui siku, kwa sasa soma." Haimvunji moyo, inamfundisha kusubiri huku anafanya kazi.

Na ile karibu ya mlangoni, hiyo msiipunguze hata kidogo. Waliohamishwa kutoka Lugufu mwaka 2009 waliikuta hapa. Warundi waliofika kuanzia 2015 waliikuta hapa, hata pale ambapo maji ya foleni hayakututosha sisi wenyewe. Hiyo haina tarehe wala haihitaji kibali.

Mwezi ujao tungependa kujua mnavyomkaribisha mgeni kwa Kibembe, Kifuliiru na lugha nyingine za nyumbani. Mwambieni mtoto aandike kwenye karatasi, alete darasani. Tutayasoma yote pamoja.

Karibuni sana shuleni.